Kivutio Namba Tisa

Saa sita kasoro dakika kumi, karani wa dirisha namba nne alilifunga faili kwa utepe wa kijani, akaligonga mhuri, akamwambia mwanamke aliyesimama mbele yake kwamba madawati mia mbili na kumi ya shule yake yalishafika miaka mitatu iliyopita.

"Hayajafika," akasema yule mwanamke.

"Yamefika, mama. Yameandikwa."

"Watoto wanakaa chini."

Karani akamtazama kwa huruma ya mtu anayekaribia mapumziko ya mchana. "Hilo sasa ni la watoto wenyewe," akasema. "Labda hawapendi madawati."

Faili likishafungwa kwa utepe wa kijani hakuna wa kulifungua isipokuwa mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa ametoka. Angerudi kesho saa tatu asubuhi. Karani akateremsha pazia la dirisha lake taratibu, ili asionekane ana haraka, na nyuma ya pazia ikasikika sauti ya chombo cha chakula kikifunguliwa.

Mwanamke huyo alikuwa mwalimu wa darasa la nne katika shule iliyo mbali na mji mkuu kwa safari ya siku nzima ya basi. Wanafunzi humwita Kalamu Nyekundu, tena kwa siri, na yeye anajua tangu siku ya kwanza wala hajawahi kuchukia. Darasa lake lina watoto sitini na watatu na sakafu ya saruji iliyochimbika. Mtoto anayeandika akiwa amekaa chini huweka daftari juu ya goti, na ikifika saa tano herufi zote zimelala upande kama zimechoka. Mwalimu huyasahihisha madaftari hayo kila jioni. Amefika mahali ambapo hawezi kumkata mtoto alama kwa mwandiko mbaya bila kusikia uchungu, na uchungu huo ndio uliomleta dirisha namba nne.

Sasa alikuwa na kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho katika miaka ishirini na sita ya kazi. Alikuwa na mchana mzima usio na shughuli, ndani ya mji mkuu.

Wifi yake alikuwa anamsubiri nje, amekaa kwenye ukuta mfupi, mwavuli mkononi. Wifi ni dada wa mumewe, fundi wa mapazia, mkazi wa mji mkuu tangu ujana wake, na mdomo wake haujawahi kufungwa breki. Siku hiyo alikuwa amefunga duka kwa ajili ya mgeni.

"Wamekupiga danadana?"

"Nirudi kesho."

"Ndiyo salamu yao hiyo, wifi. Haya, twende tukatembee. Mji mkuu huu si wa wizara peke yake."

Wakaenda hadi kwenye uwanja mkubwa, ambako kuna kibanda cha tiketi za watalii. Ilikuwa saa ya chakula, kwa hiyo sanamu ya shujaa aliyepanda farasi ilikuwa imeshuka kwenda kula, na farasi wa shaba alibaki peke yake akifukuza nzi kwa mkia. Mwuza tiketi akawapa kipeperushi na kuwaeleza utaratibu wa mji: mgeni wa mchana mmoja ana tiketi moja, ya kivutio kimoja, na vivutio vyote hufungwa saa kumi na moja kamili. Achague vizuri, maana tiketi haibadilishwi.

Mwalimu akavaa miwani. Kuchagua kwenyewe hakukuwa kwepesi, kwa sababu alikuwa na maagizo. Kabla hajaondoka, darasa la nne lilikuwa limepiga kura juu ya mambo ambayo lazima ayathibitishe huko aendako. Upande wa dirishani ulitaka kujua kama ni kweli simba wa bustani ya wanyama analala kutwa nzima. Upande wa mlangoni ulitaka kujua kama lifti ya mnara ikipanda, tumbo la mtu hubaki chini. Na mtoto mmoja wa kike, anayekaa karibu kabisa na mlango, ambaye shule nzima humwita Swali kwa sababu hana kingine mdomoni, alikuwa amenyoosha mkono na kuuliza jambo ambalo halikupigiwa kura.

"Mwalimu, huko mji mkuu kuna mtu anatujua?"

Mwalimu alikuwa amemjibu kwamba ataangalia.

Akasoma kipeperushi kutoka juu. Namba moja ilikuwa mnara. Namba mbili, bustani ya wanyama. Namba nne ilikuwa chemchemi ambayo maji yake hupanda tu, hayarudi. Namba sita ilikuwa ukumbi mkuu, ambamo hotuba ya ufunguzi ilikuwa inaendelea kwa mwaka wa kumi na moja na wasikilizaji walikuwa wakipokezana kwa zamu. Namba tisa ilikuwa shule yake.

Jina lilikuwa lenyewe, limeandikwa bila kosa hata moja, jambo ambalo wizara haijawahi kulifanya kwenye faili. Chini yake palikuwa na maelezo mafupi: madarasa ishirini na manne, maktaba, maabara, kisima, ua wa matofali. Watoto nusu bei.

"Mnara," akasema wifi. "Juu kuna upepo mzuri, na ukiangalia chini unaliona paa la duka langu."

"Namba tisa," akasema mwalimu.

Wifi akakichukua kipeperushi, akasoma, akakirudisha. "Umekaa kwenye basi siku nzima uje kutazama shule yako mwenyewe? Wewe ukialikwa harusini utaomba uonyeshwe kitanda chako?"

Mwalimu akasimama pale akiwaza. Simba, hata akiwa macho, hatasaidia mwandiko wa mtu. Lifti ingewafurahisha watoto kwa wiki nzima, na akajiona mchoyo kuwanyima. Lakini akafikiri pia kwamba mtu anayeulizia mahali madawati yalipo, naye ana tiketi ya kwenda kuyatazama, asipokwenda atakuwa amejitakia. Akanyoosha kidole kwenye namba tisa. Wifi akanunua ya kwake vilevile, huku akinung'unika.

Shule ilikuwa nyuma ya maghala ya reli, kwenye kiwanja kipana kilichozungushiwa ukuta. Lango lilikuwa limepakwa rangi mbili. Ndani kulikuwa na bustani za maua zilizopangwa kwa chokaa, madarasa yenye vioo, mabomba kumi na mawili ya maji, na vyoo vyenye milango, milango yenyewe ina makomeo. Wifi akafungua bomba, akanawa uso, akanywa.

"Matamu haya maji."

"Ni ya kisima kilichochimbwa kwao mwaka juzi," akasema mwongozaji.

Mwongozaji alikuwa kijana wa tai na fimbo nyembamba ya kuelekezea. Alikuwa na adabu, na alieleza mambo kwa ufasaha wa mtu anayeyasema mara sita kwa siku. Alisema kila kilichoandikwa kimefika lazima kifike mahali. Zamani vitu hivyo vilikuwa vinaelea ovyo mjini, watu wanajikwaa kwenye mifuko ya saruji katikati ya barabara, hadi wizara ilipotenga kiwanja. Sasa kinachoandikwa kwa wino rasmi hutokea hapa siku hiyohiyo, na kinachofutwa hutoweka.

"Na shule nyingine?" akauliza mwalimu.

"Ziko pia, viwanja vya nyuma. Hii ndiyo imependeza zaidi, ndiyo maana tunaionyesha."

Mwalimu hakujua kama ashukuru. Akaingia darasa la nne.

Madawati yalikuwamo. Yalikuwa ya mbao ngumu, yamepigwa vanishi, yana mahali pa kuweka kalamu na rafu ya madaftari chini. Nusu ya nyuma ya darasa ilikuwa imejaa wanafunzi walioongezwa kwenye hesabu za wizara ili idadi itimie. Walikuwa na soksi nyeupe na nywele zilizochanwa, na kwa kuwa walikuwa hewa, dirisha likifunguliwa ilibidi wayashike madawati kwa mikono miwili. Walisimama wote pamoja wakamwamkia, na shikamoo yao ilisikika kama upepo unaopita chini ya mlango. Mwalimu akaitikia marahaba, kwa sababu watoto hawana kosa, hata wale wasiokuwepo.

Nusu ya mbele ilikuwa tupu. Kila dawati lilikuwa na kibandiko chenye jina, na mwalimu akayasoma majina hayo mstari kwa mstari, akiyajua yote. Yalikuwa majina matatu matatu, sitini na matatu, hakuna aliyesahauliwa. Safu ya pili, karibu na dirisha, alikuta jina kamili la Swali.

"Haya ya mbele ni ya wenyewe," akasema mwongozaji, akishusha sauti kidogo. "Hawajawahi kuja. Miaka mitatu sasa. Kila asubuhi tunawaita majina, kisha tunaandika utoro."

"Utoro," akasema mwalimu.

"Inasikitisha, mama. Watoto wamewekewa kila kitu."

Mwalimu akaketi kwenye dawati la safu ya pili, karibu na dirisha. Mwongozaji akakohoa na kuonyesha kibao kilichosema vitu vya maonyesho havikaliwi. Mwalimu akaendelea kukaa. Magoti yaliingia sawasawa, viwiko vikapata mahali, na mgongo wake ukanyooka wenyewe bila kuambiwa. Akasikia hasira, na ndani ya hasira akasikia raha ya mgongo, na raha ile ndiyo iliyomuudhi kuliko yote.

Mlangoni palikuwa na kitabu cha wageni juu ya meza. Wageni waliotangulia walikuwa wameandika kwamba pamependeza, kwamba Mungu awabariki wahusika, kwamba vyoo visafi. Mwalimu akafungua mkoba.

"Kuna kalamu hapo, mama," akasema mwongozaji.

"Ninayo."

Akatoa kalamu nyekundu. Wifi, anayemfahamu tangu alipoolewa, akasogea pembeni na kufungua mwavuli.

Kalamu nyekundu ya mwalimu ni wino rasmi kama wino wowote, wala hakuna mtu wizarani aliyewahi kulifikiria hilo. Kwenye safu ya maoni aliandika: *Paa linavuja upande wa ubao.* Aliandika taratibu, kwa mwandiko wa mfano. Upande wa ubao ukaanza kuvuja, ingawa nje kulikuwa na jua. Akaandika: *Sakafu imechimbika.* Wakasikia saruji ikipasuka chini ya miguu yao. Akaandika kwamba choo ni kimoja na hakina mlango, kwamba kisima hakijachimbwa, kwamba maktaba ni sanduku lenye vitabu saba, kimoja hakina jalada. Huko nje milango ya vyoo ikaanguka mmoja baada ya mwingine, kwa mpangilio. Mwisho akaandika: *Watoto wanakaa chini*, akapiga mstari chini yake mara mbili.

Madawati yakatoweka. Wale wanafunzi hewa wakabaki wamekaa palepale, futi moja juu ya sakafu, wakitazamana.

Watalii waliokuwa uani wakaja mbio, wakapiga picha, wakauliza kama sehemu hii mpya inahitaji tiketi nyingine. Mwongozaji akalegeza tai. Akaenda kwenye simu iliyo ukutani, akaongea kidogo, akarudi na kusema wizara imearifiwa.

Lori lilifika baada ya dakika thelathini na tano. Mwalimu alihesabu kwa saa yake, kwa sababu barua yake ya kwanza ya kuomba madawati ilikuwa na zaidi ya miaka mitano. Wakashuka mafundi wa paa, mafundi wa saruji, mafundi bomba, wote wana sare mpya, na wapakuzi wakaanza kushusha madawati mia mbili na kumi. Haya yalikuwa mazuri kuliko yale ya kwanza. Yalikuwa na kulabu ya kutundika mkoba.

Mwalimu akamwendea dereva, ambaye alikuwa mtu mzima mwenye kitambaa shingoni.

"Ndugu yangu, shule yenyewe haiko hapa. Iko kule, mwendo wa siku moja. Yapeleke kule, mimi nitakuonyesha njia."

"Naijua njia, mama," akasema dereva. "Nilishakwenda."

"Lini?"

"Miaka mitatu iliyopita, kwenye karatasi. Na mafuta yalitumika yote. Barabara ya kwenu ni mbaya sana." Akajifuta jasho. "Nilirudi na malaria, nikalazwa siku nne. Hata mke wangu hakujua, maana nilikuwa nyumbani."

Hakusema kwa ubishi. Alikuwa mtu mwema anayependa kazi yake iishe, na akamnyooshea karatasi ya kupokelea mzigo ili aweke sahihi. Mwalimu akamwambia haweki. Dereva akasema bila sahihi hawezi kuondoka, na akikaa hapa hadi usiku mafundi wote watakaa naye, kwa kuwa wamekuja na lori moja. Mafundi, walipomaliza kuziba na kupiga saruji, wakaketi kwenye madawati kusubiri. Hao hakuna aliyewakataza.

Mwalimu akaifungua tena kalamu nyekundu. Kwenye karatasi ile angeweza kuandika *Hayajafika*, na yangetoweka, na lori lingeleta mengine, na hayo nayo angeyafuta, hadi mbao za nchi nzima ziishe. Wazo hilo lilimfurahisha kwa muda mrefu kuliko inavyofaa kwa mtu wa umri wake. Lakini halikuwa na dawati hata moja linaloelekea kwao. Akakifunga kifuniko cha kalamu.

Wifi alikuwa anatazama jua. Ilikuwa saa kumi na nusu.

"Anayesaini lazima awe mwalimu?" akamwuliza dereva.

"Mwalimu au mzazi."

"Mimi ni shangazi," akasema wifi, na kabla mwalimu hajamshika mkono alikuwa ameshasaini, sahihi kubwa yenye mkia, ileile anayoiweka kwenye risiti za mapazia. Dereva akamshukuru. Mafundi wakapanda lori. Wanafunzi hewa wakashuka polepole kwenye viti vyao vipya na kuushika ubao kwa macho.

"Wifi, umefanya nini?"

"Nimewaruhusu watu wakale. Kuna wake zao wanasubiri." Kisha akaona uso wa mwenzake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akapunguza sauti. "Ungekataa mpaka lini, mama? Hao wana karatasi nyingi kuliko wewe una wino."

Mwalimu hakumsemesha hadi uwanja mkubwa. Walifika saa kumi na moja na dakika mbili. Mnara ulikuwa umefungwa, na mlinzi alikuwa anaifunika lifti kwa turubai. Shujaa wa shaba alikuwa ndiyo kwanza anarudi kutoka kula, akipanguza mdomo. Akamshika farasi wake kichwani, akapanda, akanyoosha upanga kuelekea mbele. Wifi akasema huyo naye siku hizi anachelewa. Mwalimu akacheka bila kutaka, na wakawa wamepatana.

Kesho yake saa tatu mkurugenzi alikuwepo. Alikuwa mtu wa heshima, alisimama kumpokea, akamsogezea kiti. Faili lilikuwa mezani, limefungwa upya kwa tepe mbili.

"Hongereni sana," akasema. "Sasa mna madawati mia nne na ishirini. Hakuna shule nyingine nchini inayowafikia. Kuna sahihi ya mzazi hapa."

"Watoto wanakaa chini, mheshimiwa."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli. "Nimeona taarifa za utoro," akasema. "Mwongee nao."

Mwalimu akarudi kwa basi. Alikaa kiti cha nyuma, amepakata mkoba, na njia nzima alikuwa akiyarudia majina sitini na matatu, safu kwa safu, asije akasahau mahali pa mtu.

Darasa la nne lilimpokea kwa kelele, kisha likanyamaza lenyewe, kwa kuwa lilikuwa na mambo ya kuuliza.

"Simba analala?"

"Sikumwona."

"Lifti je?"

"Nilikuta imefungwa."

Watoto wakatazamana. Mwalimu aliziona alama alizopewa. Swali akanyoosha mkono kutoka mlangoni.

"Na kuna mtu anatujua?"

"Wanatujua," akasema mwalimu. "Wote. Kwa majina matatu matatu. Tuna shule huko, ina mabomba na vioo, na kila mmoja wenu ana dawati lenye jina lake."

Hakuna aliyeshangaa. Waliona ni jambo la kawaida kwamba kama wana dawati mahali, basi liko mji mkuu.

"Mimi nakaa wapi huko?" akauliza Swali.

"Safu ya pili, dirishani."

Swali akasimama, akaokota daftari lake, akavuka darasa lote akiruka miguu ya wenzake, akaketi sakafuni, safu ya pili, karibu na dirisha. Aliyekuwa amekaa pale akauliza nafasi yake iko wapi. Mwalimu akamwambia. Kabla ya kengele ya mapumziko watoto wote sitini na watatu walikuwa wamehama. Walikaa chini kwa safu zilizonyooka, wameacha njia katikati, viwiko vimeinuliwa mahali ambapo mbao ingekuwa, na migongo imesimama wima. Mwandiko wa siku hiyo ulikuwa mzuri. Mwalimu aliyasahihisha madaftari jioni, akaweka alama nyingi za vema, na mara mbili ilimbidi avue miwani aifute.

Wakaendelea kukaa hivyo kila siku.

Ijumaa ya wiki ya tatu tarishi wa wizara alifika kwa baiskeli, amejaa vumbi, na bahasha yenye nembo. Barua ilisema uchunguzi umeonyesha kuwa madawati sitini na matatu ya mbele, katika kivutio namba tisa, yamekuwa yakikutwa na joto kila asubuhi, kama vitu vinavyokaliwa, na kwamba matumizi hayo hayakuombewa kibali. Wanafunzi waonywe. Utoro wao bado unahesabiwa palepale.

Mwalimu akaisoma mara mbili akiwa mlangoni. Nyuma yake darasa lilikuwa kimya, linaandika. Ilikuwa karatasi nzuri, nzito, isiyo na kunjo hata moja, na katika miaka ishirini na sita ndicho kitu cha kwanza kutoka wizarani kufika shuleni chenyewe. Tarishi akafungua daftari lake la kupokelea na kumwonyesha mahali pa sahihi. Mwalimu akatoa kalamu nyekundu akaandika kwamba imefika, kwa sababu ilikuwa imefika.